Uji Chini ya Mgomba

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, Rahabu alikuwa na kazi zake. Alikoka moto, akateka maji mferejini, akafagia uwanja, kisha akashika njia ya shule pamoja na rafiki yake Stumai. Waliteremka wakizungumza mpaka chini kwenye soko la Myamba, na wakichoka kuzungumza waliimba. Rahabu alikuwa darasa la tano, na katika kwaya ya shule yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Tangu arudi kutoka hospitali, hayo yote yalisimama. Sasa alikaa juu ya kigoda mlangoni, khanga ya marehemu mama yake shingoni, kikombe cha uji mkononi, akiwatazama wenzake wakipita. Wao walimpungia mkono. Yeye hata kuwajibu aliona tabu, kwa sababu akimeza mate tu maumivu yalipanda mpaka ndani ya masikio.

Rahabu alikuwa amesumbuliwa na mafindofindo tangu akiwa mdogo. Koo lilivimba, homa ikapanda, akakosa shule, akapona, halafu ikawa vilevile tena. Akilala alikoroma kama mzee, maana nyuma ya pua nako kulikuwa na nyama zilizoziba njia ya hewa. Shangazi yake, Dorkas, alikuwa na jibu moja. "Mpeleke kwa mzee Asheri amkate kilimi, mambo yaishe." Mzee Asheri alikuwa mkata vilimi wa kitongoji chao cha Irindi. Watoto wengi wa pale walikuwa wamepita mikononi mwake, wanaokohoa na wasiokohoa.

Baba yake Rahabu, Eliezeri, alikataa. Alikwisha kumzika mke, na hakutaka kubahatisha na mtoto aliyebaki. Lakini hospitali nayo haikuwa mchezo. Ilikuwa miaka ile tulipoambiwa kwamba milango ya biashara imefunguliwa. Kweli, maduka ya Same yalijaa sukari, sabuni na nguo za mitumba, ila waliojaa dukani walikuwa watazamaji. Kahawa yetu ilichukuliwa na chama cha ushirika, na malipo yakawa yanakuja, yanakuja. Halafu redio ikatangaza kwamba mgonjwa naye achangie matibabu. Waliotangaza walikuwa na sauti nzuri. Hakuna aliyepanda huku juu kuuliza mtu wa mlimani mchango huo atautoa shimo gani.

Eliezeri aliuza mbuzi wake jike mwenye mimba. Akampeleka binti yake hospitali kubwa, huko wakamtoa mafindofindo pamoja na zile nyama za nyuma ya pua.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaeleza mambo ya nyumbani. "Kumeza kutauma, lakini ameze hivyohivyo," alisema. "Maji, uji, mchuzi, kila mara. Koo linalomeza ndilo linalopona. Likikauka litanuka, litauma zaidi, na linaweza kutoa damu. Vyakula vigumu asile. Mkiona damu, mkimbilie zahanati. Na kule kooni mtaona utando mweupe. Ule ni kidonda kinajifunika. Msiuguse."

Tatizo ni kwamba maneno ya mwisho yalisikiwa na Rahabu peke yake. Baba yake alikuwa amekwisha kwenda dirishani kubishana na karani juu ya mchango.

Basi walirudi nyumbani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Eliezeri alipika uji mwepesi, akaupoza, akaweka kikombe mbele ya binti yake. "Kunywa, mwanangu. Usione nakusumbua."

Rahabu alipiga funda la kwanza. Lilikuwa kama kumeza miiba. Alingoja mpaka baba yake akachukua jembe na kuzunguka nyumba, akanyanyuka, akaenda nyuma kwenye mgomba uliokuwa karibu na jiko, akamwaga. Kuku walikuja mbio. Eliezeri aliporudi mchana, alikuta kikombe kitupu.

"Umemaliza?"

Rahabu akatikisa kichwa kukubali.

"Safi sana," akasema Eliezeri, na uso wake ukakunjuka. Uso wa Eliezeri haukuwa na mazoea ya kukunjuka. Rahabu aliona afadhali kikombe kiwe kitupu kila siku.

Jioni moja Stumai alipita kutoka shule. Aliketi chini, akaegemea ukuta.

"Hujambo?"

"Sijambo," Rahabu akajibu kwa shida.

"Mbona unaongea kama una kiazi cha moto mdomoni?"

"Nyamaza."

"Haya, nimenyamaza. Mwalimu wa kwaya anauliza utarudi lini. Nafasi yako kampa Maua. Anaimba kama mbuzi aliyesahauliwa kamba shingoni, lakini anaimba."

Rahabu alitaka kucheka, akashika koo. Alikasirika. Alikasirikia koo, alikasirikia Maua, alikasirikia harufu ya makande iliyotoka nyumba ya jirani, makande ya kweli, yenye maharage mapya, ambayo yeye hakuruhusiwa hata kuonja. Tumbo lilikuwa na njaa na koo halikutaka kitu. Hasira kama hiyo haina pa kwenda.

Stumai alikuwa ameinuka, anachungulia nyuma ya nyumba. "Wee Rahabu, kuku wenu siku hizi wanakunywa uji?"

"Ulimwagika."

"Ukamwagika leo, ukakauka juu ya ule wa jana?"

"Ukisema, na mimi nitamwambia mama yako nani aliyelamba sukari ya wageni."

"Mimi sisemi," akasema Stumai. "Ila kuku wanapata afya na wewe unakonda. Sijui nani alipasuliwa."

Rahabu akageuza uso. Stumai akaenda zake.

Baada ya hapo hali ilianza kuwa mbaya. Midomo ya Rahabu ilikauka ikapasuka. Akisimama, uwanja ulizunguka. Pumzi yake ilinuka hata yeye mwenyewe aliisikia. Maumivu hayakupungua, yaliongezeka, na kadiri yalivyoongezeka ndivyo alivyozidi kuuogopa uji. Eliezeri alimtazama, akaona kikombe kitupu, akamtazama tena. Mtoto anayekunywa vizuri hivyo anakonda kwa nini? Kwake jibu lilikuwa moja.

"Wamemharibu," aliwaambia watu njiani. "Walichukua mbuzi wangu, wakanipa mtoto aliyeharibika. Watoto wa wakubwa wanapelekwa Ulaya. Wa kwetu ndio wa kujifunzia."

Wengi waliitikia. Huku juu, mtu akiwasema wakubwa hakosi wa kumuitikia, na mara nyingi anasema kweli. Barabara yetu ilikatwa na mvua, ikaachwa hivyohivyo na viongozi walewale wanaokuja kuomba kura kwa miguu. Kwa hiyo hakuna aliyemuuliza Eliezeri kama ana hakika.

Ikafika siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji. Pembe ililia kutoka kilimani, na kila nyumba ikatoa mtu wa kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mifereji. Asiyekwenda hutozwa faini. Eliezeri alimwacha Rahabu mikononi mwa shangazi Dorkas, akabeba jembe.

Shangazi Dorkas alimkuta mtoto amelala mkekani, macho yameingia ndani.

"Rahabu, mbona hivi? Hebu njoo hapa juani. Fungua mdomo."

Rahabu akafungua. Shangazi akachungulia, akarudi nyuma, khanga ikamdondoka begani.

"Kumeoza," akasema. "Mwanangu wee, kooni kote ni kweupe. Ni usaha mtupu."

Rahabu alitaka kumwambia kwamba daktari aliutaja ule weupe. Lakini angeanza na hilo, shangazi angeuliza na harufu hii je, na kukonda huku je, na uji unaokunywa unakwenda wapi. Akanyamaza. Shangazi Dorkas alikuwa amekwisha kukunja khanga, anapanda kilima kuelekea kwenye ndiva.

Alimkuta Eliezeri ndani ya tope mpaka magotini. Mwenyekiti wa kitongoji, Humphrey, alikuwa amesimama ukingoni na viatu vyake vya ngozi, anaonyesha kwa fimbo wapi pachimbwe. Shangazi alisema aliyoyaona, kwa sauti ambayo bwawa zima lilisikia. Eliezeri akatupa jembe.

"Mwenyekiti, umesikia? Mnatutoza, mnatuchimbisha, halafu watoto wetu mnaturudishia wameoza."

"Pole, Eliezeri," akasema Humphrey. "Lakini kisu nilishika mimi?"

"Nyote ni walewale. Uliyeko hapa na walioko huko mnakula sahani moja. Wewe unasimama na fimbo, mke wangu alikufa akibebwa kwenye machela kwa sababu gari haliwezi kupanda. Sasa mnataka na mtoto."

Watu wakaacha kuchimba. Wengine wakaguna kumuunga mkono. Mzee Asheri, aliyekuwa akizoa tope kama wengine, akajifuta mikono kwa majani.

"Nilisema mapema huyu aletwe kwangu," akasema polepole. "Lakini hata sasa hatujachelewa. Ule uozo unakwanguliwa. Natia magadi kwenye kitambaa, nausugua mpaka nyama ionekane nyekundu."

"Twende," akasema Eliezeri.

Wakateremka, na nusu ya msaragambo ikawafuata nyuma. Humphrey naye alifuata. "Nije nione kwa macho yangu," alisema, "nisije nikapelekewa mashtaka ya nisichokijua."

Rahabu aliwaona wakiingia uwanjani na matope miguuni. Alimwona mzee Asheri akiomba maji ya vuguvugu na bonge la magadi. Alimwona akizungusha kitambaa kwenye ncha ya kijiti na kukifunga kwa uzi. Akaelewa. Sikio lake likakumbuka maneno mawili ya daktari: msiuguse, damu.

Baba yake akapiga magoti nyuma yake, akamshika kichwa.

"Fungua mdomo, mwanangu. Ni mara moja tu, yaishe."

Rahabu akakaza midomo.

"Usinitie aibu mbele za watu. Nimesema mengi leo kwa ajili yako. Fungua."

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Angenyamaza, wangelikwangua koo lake. Angesema, baba yake aliyetoka kumtukana mwenyekiti mbele ya kitongoji kizima angeonekana hana akili. Kijiti kiligusa mdomo wa chini. Uchungu wa magadi ukaingia kwenye nyufa za midomo yake. Rahabu akaushika mkono wa mzee Asheri kwa mikono yake yote miwili, akausukuma.

"Sijaoza," akasema. Sauti ilitoka kama kitu kinachoburuzwa. "Uji nilikuwa simezi. Namwaga."

"Unamwaga wapi?" akauliza Eliezeri.

Rahabu akasimama, akayumba, akamshika baba yake mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Watu wote wakaenda nao. Chini ya mgomba uji ulikuwa umekauka tabaka juu ya tabaka, umepasukapasuka kama tope la kiangazi, nzi juu yake. Kuku walipoona watu wanakuja wakasogea karibu, wakidhani ni saa yao ya kula.

Humphrey akakohoa.

"Eliezeri," akasema, "mimi naona hapa serikali haina kesi. Washtakiwa ni hawa kuku."

Watu wakacheka. Hata wale walioguna kule kwenye ndiva walicheka, tena wao zaidi. Eliezeri aliinua mkono, na Rahabu akafumba macho. Mkono haukushuka. Alipofumbua macho, baba yake alikuwa ameuweka juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu tuliporudi."

"Na huo weupe?"

"Daktari alisema ni kidonda kinajifunika. Alisema usiguswe. Wewe ulikuwa dirishani unagombana na karani."

"Kwa nini hukuniambia unamwaga?"

Rahabu alikuwa analia sasa, na kulia nako kuliuma. "Ulikuwa ukiona kikombe kitupu unafurahi. Hapa kwetu hufurahii kitu kingine."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Asheri alifungua uzi, akakunja kitambaa chake, akakitia mfukoni. "Kumbe mtoto amekaukiwa," akasema. "Na mwenye kukata amekwisha kusema pasiguswe. Mimi mkono wangu siutii hapo. Mpelekeni kwa Priska."

Priska alikuwa muuguzi wa zahanati ya chini. Eliezeri akachukua koti lake ndani, akainama, Rahabu akapanda mgongoni.

"Nenda tu," akasema Humphrey. "Faini ya leo nitaisahau."

"Usiisahau," akajibu Eliezeri bila kugeuka. "Hisani yako siitaki. Nikirudi nitachimba sehemu yangu, na wewe utanieleza habari ya barabara."

Waliteremka njia ile ya shule mpaka zahanati.

Muuguzi Priska alikuwa anakunja nguo za kitanda. Rahabu akaamkia, "Shikamoo," kwa sauti iliyopotea njiani, na Priska akaitikia marahaba huku ameshamtazama midomo. Alivuta ngozi ya mkono wa mtoto kidogo, akaona inavyochelewa kurudi. Akamulika kooni kwa tochi.

"Damu imetoka?"

"Hapana," akasema Rahabu.

"Hapana ya kweli, au hapana ya kumfurahisha mtu?"

"Ya kweli."

"Vizuri. Koo lenyewe linapona. Huu utando ni kama gaga juu ya kidonda cha goti. Mngeukwangua mngefungua mishipa, na kule juu kwenu nani angeizuia damu hiyo?" Akamgeukia Eliezeri. "Alipewa vidonge vya maumivu?"

"Alipewa."

"Anavimeza?"

Eliezeri akatoa pakiti kutoka mfuko wa koti. Ilikuwa haijaguswa. "Nimeviweka akiba. Dawa siku hizi hazipatikani. Nilisema nitampa akizidiwa."

Priska alivuta kiti, akaketi, kama mtu aliyechoka ghafla. "Baba Rahabu, dawa ya maumivu haiwekwi akiba kama mbegu. Saga kidonge kwenye kijiko, mpe, ngoja kidogo ndipo umpe uji. Ulikuwa unamtaka apite kwenye miiba na viatu umevificha."

"Nani anatufundisha hayo?" akasema Eliezeri. "Kule unaulizwa mchango kabla ya jina."

"Hilo ni kweli, na ukalisemee panapohusika. Wala sitakukataza. Lakini barabara mbovu haikumwaga uji, na mchango haukuficha vidonge." Akamshika Rahabu kidevu. "Na wewe sikiliza. Mganga hana dirisha la kuchungulia ndani yako. Anatibu kile unachomwambia. Ukimdanganya, anatibu ugonjwa ambao huna, na ule ulio nao unakula kwa raha. Leo kidogo ukwanguliwe koo zima kwa sababu ya kikombe cha uji. Ukiumwa sema unaumwa. Ukishindwa sema umeshindwa. Mtu mzima akikasirika atatulia. Uongo hautulii, unatafuta wenzake."

Akasaga kidonge, akampa Rahabu kwa kijiko. Akachanganya maji yaliyochemshwa na pakiti ya dawa ya chumvi na sukari, akawaacha hapo barazani na jagi na kikombe kimoja.

Wakangoja kidonge kishike. Chini kabisa, tambarare yote kuelekea Makanya ilikuwa ya vumbi, imetulia. Eliezeri akamimina.

"Walinicheka leo," akasema.

"Nisamehe, baba."

"Watacheka mpaka Jumapili, kisha watapata mwingine." Akamkabidhi kikombe. "Lakini kuanzia sasa nikikuuliza, usinipe jibu la kunifurahisha. Nipe lililopo, hata likiniudhi. Mimi ni mtu wa kuudhika, nimezoea."

Rahabu akapiga funda. Akafumba macho, mabega yakapanda, likapita. Akapiga la pili.

"Inauma?" akauliza Eliezeri.

"Inauma sana."

"Haya. Kunywa taratibu. Nipo hapa."

Akanywa mpaka kikombe kikabaki kitupu, na baba yake akamimina kingine.